High School Musical 2 au 3: kama una usiku mmoja tu, weka ipi?

Umeshaiona ya kwanza katika filamu hizi za Disney za vijana wa shule wanaoimba na kucheza. Unamjua Troy Bolton, nahodha wa timu ya kikapu aliyekuja kugundulika kuwa anaimba, na unamjua Gabriella Montez, mwanafunzi mgeni mwenye akili nyingi za darasani. Zimebaki mbili, na muda ulionao unatosha moja. Uweke ile ya likizo au ile ya mahafali?

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka zake asisumbuke. Ukitaka hadithi, weka ya pili. Ukitaka kukaa ukiangalia watu wanavyocheza dansi ndani ya picha nzuri, weka ya tatu. Najua nitabishiwa, maana ya tatu ndiyo iliyoingia sinema, ndiyo iliyopewa pesa, na ndiyo inayowaliza watu. Ila ya pili ina ugomvi ndani yake, ugomvi unaoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa, na kwangu hilo ndilo linaloamua.

Zilikotoka

Ya kwanza ilirushwa na Disney Channel nchini Marekani tarehe 20 Januari 2006. Ilikuwa filamu ya runinga, ya gharama ndogo kwa viwango vya Marekani, kiasi cha dola milioni nne hivi. Albamu yake ikauzwa kuliko albamu nyingine yoyote nchini humo mwaka ule. Baada ya hapo kutengeneza muendelezo halikuwa jambo la kujadili.

Ya pili ikaja tarehe 17 Agosti 2007, runinga ileile. Usiku huo mmoja iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 17 Marekani, ikawa rekodi ya runinga za kebo kwa wakati huo. Ya tatu ikaruka runinga kabisa: iliingia kwenye kumbi za sinema za Marekani tarehe 24 Oktoba 2008, ikiwa imegharimu kama dola milioni 11, na mwishoni mwa wiki ya kwanza tu ikaingiza milioni 42. Dunia nzima ilivuka milioni 250.

Mwongozaji wa zote ni Kenny Ortega, na mwandishi ni Peter Barsocchini. Waigizaji sita wa mbele ni walewale: Zac Efron, Vanessa Hudgens, Ashley Tisdale, Lucas Grabeel, Corbin Bleu na Monique Coleman. Kwa hiyo hapa hulinganishi watu. Unalinganisha walichopewa wakifanye.

Na hilo la kubaki na watu walewale si dogo. Filamu ya nyimbo ya Grease ya mwaka 1978 ilikuwa moto duniani kote, lakini Grease 2 ilipotoka mwaka 1982 John Travolta na Olivia Newton-John hawakuwamo. Wakawekwa Maxwell Caulfield na Michelle Pfeiffer, ambaye wakati huo hakuwa bado jina kubwa. Shule ileile ya Rydell, mtindo uleule, na filamu ikadoda. Michelle Pfeiffer mwenyewe alikuja kuwa nyota baadaye, ila si kwa sababu ya filamu hiyo. Disney wao hawakucheza kamari ya namna hiyo.

Ya pili: likizo inayogeuka kuwa kazi

Shule inafungwa. Kengele inalia, darasa zima linalipuka kwa wimbo, na vijana wanaanza kuhesabu hela watakazopata kwa vibarua vya likizo, kwa sababu chuo kikuu cha Marekani kinakula pesa na Troy hatoki kwenye familia ya matajiri. Hapo ndipo anapoingia Sharpay Evans, mwanafunzi mwenzao anayemtaka Troy. Wazazi wake wanamiliki klabu ya kifahari iitwayo Lava Springs, yenye bwawa la kuogelea na uwanja wa gofu, na yeye anamwagiza meneja, Bwana Fulton, amtafute Troy popote alipo ampe kazi.

Fulton anatii kupita alivyotarajiwa. Troy anaajiriwa, na Gabriella anaajiriwa pia, kama mwangalizi wa usalama bwawani, pamoja na kundi zima la marafiki. Sharpay, akiwa anaringa pembeni ya bwawa mwisho wa wimbo wake wa kujisifu, anakuja kumgundua Gabriella. Anatumbukia majini na nguo zake zote, na anayejitosa kumtoa ni Gabriella huyohuyo. Ndani ya dakika chache unajua nani ni bosi, nani ni kibarua, na nani atalipiza.

Kuanzia hapo filamu inafanya jambo ambalo sikulitarajia kwenye filamu ya watoto. Haimtumii Sharpay kumfukuza Troy kazi. Inamtumia kumpandisha. Troy anatolewa jikoni, anapelekwa kwenye gofu, anapewa viatu vya Kitaliano na nguo mpya, anakaa meza moja na wenye klabu. Anakutanishwa na wachezaji wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Albuquerque na ahadi ya udhamini wa masomo inaanza kunukia. Jamaa ameula. Wenzake wako palepale na aproni zao, wanaosha sufuria na kubeba sahani, na Chad, rafiki yake tangu utotoni, anabaki kumtazama kwa mbali.

Hakuna aliyemlazimisha. Kila hatua ina sababu inayoeleweka: ni ada, ni maisha ya baadaye, ni wazazi. Mtu anaanza kwa kuchelewa miadi moja na mpenzi wake, kisha anakosa ya pili, kisha anajikuta anacheka na wakubwa huku rafiki zake wamesimama nyuma ya kiti. Nani hajamwona mtu wa hivi kazini? Anapewa cheo Jumatatu, Ijumaa salamu zimebadilika.

Halafu Sharpay anavuka mpaka kwa kupitisha amri kwamba wafanyakazi hawaruhusiwi kupanda jukwaani kwenye onyesho la vipaji la klabu. Gabriella anaacha kazi. Anamrudishia Troy mkufu wenye herufi ya jina lake, anaondoka na wimbo wa kuaga ambao kwa maoni yangu ndio mzuri kuliko zote alizopewa katika filamu tatu. Hapigi kelele wala hamtukani. Anasema tu kwamba hapo alipo hajitambui tena, na anaenda zake.

Udhaifu wa ya pili uko mwishoni. Mambo yanapatana upesi mno, Sharpay anakubali yaishe kwa urahisi kuliko alivyokuwa mkali, na onyesho lenyewe linageuka sherehe ya bwawani ambako hata mwimbaji Miley Cyrus anaonekana kwa kupita tu. Baada ya ugomvi mzuri vile nilitaka Troy aombe radhi kwa jasho kidogo.

Ya tatu: kila mlango uko wazi, na hiyo ndiyo shida yake

Sasa wako mwaka wa mwisho. Filamu inaanza na fainali ya kikapu, sura ya Troy ikiwa imejaa skrini nzima, jasho linatiririka, na sekunde zikihesabika. Ni ufunguzi mkali kuliko wa filamu zote tatu. Ukiangalia kwenye skrini kubwa utaelewa kwa nini walitaka sinema.

Shida ya hadithi ni hii: Troy ana vyuo vinavyomtaka, Gabriella anaenda Stanford, rafiki yake Taylor anaenda Yale, na shule ya sanaa ya Juilliard ya New York inatafuta wa kumpa udhamini. Swali lililobaki ni nani atakuwa mbali na nani. Kwa mtoto wa miaka 17 hilo ni jambo zito, silidharau. Ila kwa mtazamaji, kijana anayechagua kati ya mema matatu hamtii mtu wasiwasi.

Sharpay naye ameshushwa. Kwenye ya pili alikuwa na mamlaka, yaani angeweza kumharibia mtu maisha. Kwenye ya tatu amebaki wa kuchekesha, anazungukwa na msaidizi wake mwenyewe, binti wa Kiingereza aitwaye Tiara, ambaye anamgeuka. Tiara, pamoja na vijana wawili wadogo wa kikapu, Jimmie na Donny, ni sura mpya, na unahisi kabisa wameingizwa ili shule isibaki tupu wakubwa wakiondoka. Sehemu ya nne ya sinema haikuja. Ilikuja filamu ya Sharpay peke yake mwaka 2011, na tamthilia ya Disney+ kuanzia mwaka 2019, yenye wahusika wakuu wengine kabisa.

Kwa msomaji aliyesoma huku kwetu, mambo mawili yatakusumbua kidogo. La kwanza ni ile dansi ya mwisho wa shule ya Wamarekani, usiku ambao wasichana hununua magauni, wavulana hukodi suti, na kila mtu huhitaji mwenzi wa kwenda naye. Robo ya filamu inaizunguka, na wimbo wa maandalizi yake ni wa kufurahisha hata kama hujawahi kuhudhuria dansi ya namna hiyo. La pili ni kwamba Gabriella anaondoka kwenda chuo kabla ya mahafali, kwa programu maalumu ya Stanford. Aliyezoea kufanya mtihani wa taifa, kusubiri matokeo, kisha kusubiri majina ya vyuo, ataona kama amerukishwa mahali. Endelea kuangalia tu.

Mahali ambapo ya tatu inaishinda ya pili bila ubishi ni kwenye mapenzi. Troy na Gabriella wanacheza dansi ya taratibu juu ya paa la shule, kati ya maua, mvua inaanza kunyesha na hawaachi. Baadaye Troy anaendesha pikapu yake kuukuu kutoka Albuquerque, mjini kwao, mpaka California na kumkuta kwenye viwanja vya chuo, na wanaendelea na dansi ileile. Suluhisho lake la mwisho nalo ni la mtu aliyekaa akafikiri: anachagua Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa kuwa kina kikapu na kina maigizo, na kiko maili 32.7 tu kutoka alipo Gabriella. Ameshapima. Napenda sana kwamba filamu inataja mpaka ile pointi saba.

Hasira mbili za Troy

Njia nzuri ya kuzipima filamu hizi ni kuchukua tukio moja ambalo lipo kwenye zote. Katika kila moja kuna wakati Troy ameharibikiwa, yuko peke yake, na anaimba akiwa na hasira.

Kwenye ya pili ni Bet On It. Yuko kwenye uwanja wa gofu mchana kweupe, amevaa nyeusi tupu, anaruka juu ya mchanga, anapiga mpira, anajitazama kwenye maji kana kwamba yule aliyemo majini ndiye mwenye kosa. Watu wamelicheka tukio hili mitandaoni miaka nenda rudi, na kweli linachekesha. Lakini linabeba hadithi. Tumeona alichokifanya, tumeona nani ameondoka, na anachojiuliza ni kama huyu aliyepandishwa cheo bado ni yeye. Kitu kingine: kwenye filamu ya kwanza sauti nyingi za Troy ziliimbwa na mwimbaji mwingine, Drew Seeley. Kuanzia ya pili Efron, anayemwigiza Troy, anaimba mwenyewe, na hapa unamsikia anavyojituma.

Kwenye ya tatu ni Scream. Ni usiku, shule haina mtu, kuna radi. Anatembea kwenye korido na korido yenyewe inaanza kuzunguka. Anapanda ukutani, anapita darini, mipira ya kikapu inamwagika kutoka juu. Wamejenga korido inayozunguka kweli ili mtu acheze ndani yake, na inaonekana. Kama ufundi, Bet On It haisogei hata karibu. Lakini ukiizima sauti ukajiuliza kijana huyu ana nini, jibu ni kwamba hajajua aende chuo gani. Sekunde chache baadaye mwalimu wa maigizo, Bi Darbus, anajitokeza na kumwambia kuwa ndiye aliyepeleka jina lake Juilliard. Yaani hata pale penye giza kuliko pote, anayemjia analeta nafasi nyingine ya chuo.

Hapo ndipo uamuzi wangu unapotoka. Ya tatu ina tukio bora, ya pili ina sababu bora ya kuwa na tukio.

Nyimbo nyingine

Ya pili ina I Don't Dance, na kwangu hakuna wimbo unaoupita katika filamu zote tatu. Ryan, kaka yake Sharpay, anamkabili Chad kwenye mechi ya besiboli ya wafanyakazi. Chad anashikilia kwamba yeye hachezi dansi, Ryan anamwonyesha kwamba kurusha mpira, kuupiga na kukimbia ni dansi tayari. Mechi ikiisha wamekaa wanakula, na ukitazama vizuri kila mmoja amevaa nguo za mwenzake. Filamu haisemi lolote juu ya hilo. Mashabiki wamesema kwa niaba yake.

Anayeulinganisha na The Boys Are Back ya sehemu ya tatu, ambako Chad na Troy wanarudia michezo yao ya utotoni kwenye yadi ya magari mabovu, atapata burudani ya mwili, mateke na sarakasi juu ya vyuma. Basi, hakuna linalobadilika kati yao wimbo ukiisha.

I Want It All ya Sharpay na Ryan kwenye ya tatu ni kubwa, ina mavazi yasiyohesabika, na inapendwa sana na watoto wa kike wanaopenda kuigiza mbele ya kioo. Fabulous ya sehemu ya pili ni ndogo ila ina sumu zaidi, kwa sababu anayeimba ana uwezo wa kupata anachokitaja. Nyimbo za mapenzi nazipa ya tatu, isipokuwa ule wa kuachana niliotaja juu. Za kundi zima nazipa ya pili, hasa ile ya jikoni ambapo Troy anawashawishi wenzake wasikate tamaa huku sufuria na miiko ikigeuzwa ngoma.

Kwa hali yako

Una watoto wadogo sebuleni: ya pili. Ina rangi, maji, jua na vituko, na ni dakika 104. Ya tatu ni dakika 112, na katikati, wakubwa wanapojadili vyuo, wadogo wataanza kupigana mito. Zote mbili ni salama kwa familia, hakuna matusi wala damu, na mabusu ni ya kuhesabu.

Una mtoto anayemaliza kidato cha nne au cha sita: hapo nageuza kauli, mpe ya tatu. Kwake vyuo si maelezo ya kupitia tu, ndiyo maisha yake ya miezi ijayo, na tukio la mahafali uwanjani litamkamata hata kama wewe utakuwa unaangalia simu. Pia ndiyo inayofunga hadithi sawasawa: sita wale wanasimama jukwaani, wanatutazama sisi, pazia linashuka.

Hujaiona ya kwanza kabisa na huna mpango wa kuitafuta: ya pili inajieleza yenyewe. Ukijua kwamba Troy na Gabriella ni wapenzi na Sharpay anamtaka Troy, umemaliza. Ya tatu inategemea uwe umewapenda hawa watu kabla, maana nusu ya uzito wake ni kuagana, na huwezi kumlilia unayemwona leo.

Unapenda dansi kama dansi, au unajifunza kupanga miondoko: ya tatu, bila kufikiri mara mbili. Kamera inakwenda kila mahali na wachezaji wa nyuma ni wengi, kila mmoja na lake. Ortega ndiye aliyepanga dansi za filamu ya Dirty Dancing mwaka 1987, na hapa amepewa nafasi ya kuonyesha.

Unatafuta mahali pa kwenda kutembelea siku moja, usiende Albuquerque. Hadithi iko New Mexico lakini kamera zilikuwa Utah: shule ni East High ya Salt Lake City, shule ya kweli yenye wanafunzi wa kweli, na klabu ya Lava Springs ni uwanja wa gofu mjini St. George.

Mwisho, angalia toleo. Zote mbili zina matoleo marefu kidogo kuliko yale ya awali. Kwa ya tatu sioni kama dakika za ziada zinaongeza kitu. Kwa ya pili tafuta toleo refu, kwa sababu lina wimbo uliokatwa siku ya runinga, Humuhumunukunukuapua'a, ambao Sharpay na Ryan wanauimba kwa mavazi ya Kihawaii kuhusu samaki. Hauna maana yoyote kwenye hadithi. Uangalie tu.